Mchango wa Mpira Mmoja: Maisha ya Nagendra Prasad na Funzo kwa Timu Zetu za Mtaa

Huu ni mwaka wa sita nikiwa mweka hazina wa timu ya watoto ya mtaani kwetu. Cheo ni kikubwa kuliko hazina yenyewe. Nina daftari moja na mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa kifuniko, nao huzungushwa barazani kila Ijumaa jioni. Mmoja hutia shilingi ishirini, mwengine hamsini, na aliyejaaliwa hutia mia mbili. Kwa pesa hizo tumenunua mipira, tumeshona nyavu, na tumelipa nauli za watoto kwenda kucheza Likoni na Mtwapa. Hesabu zangu ziko sawa, na yeyote atakaye kulikagua daftari namkaribisha. Lakini kuna jambo moja lililotokea mwaka jana ambalo halikuandikwa mle, na ndilo linalonikosesha raha. Nitalieleza. Kabla ya hapo naomba niwasimulie maisha ya mtu wa ng'ambo ya bahari yetu hii, kwani nilipoyasoma niliona kama nasomewa mashtaka yangu mwenyewe.

Mtu huyo ni Nagendra Prasad Sarbadhikari. Wapenzi wa kandanda nchini India humwita baba wa mchezo huo kwao. Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1869 katika mji wa Calcutta, ambao leo huandikwa Kolkata. Baba yake, Surya Kumar, alikuwa daktari, kwa hivyo mtoto hakulelewa katika dhiki. Wakati huo India ilikuwa chini ya Waingereza, na Calcutta ndio uliokuwa mji mkuu wa utawala wao. Kandanda ilikwishafika, ila ilikuwa ya wanajeshi, mabaharia na wafanyabiashara wa Kizungu. Mwenyeji alikuwa mtazamaji, tena wa kusimama mbali.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1877, Nagendra akiwa na umri wa miaka minane, alikuwa ndani ya gari la farasi pamoja na mama yake wakielekea mtoni kuoga, kama ilivyo desturi ya dini yao. Njia ilipita kando ya uwanja ambapo wanajeshi wa Kiingereza walikuwa wakicheza. Mtoto akashuka atazame. Mpira ukatoka nje, ukabingirika hadi alipokuwa. Akauokota, na mwanajeshi mmoja akamtaka aurudishe kwa mguu. Akaupiga. Kwa Wahindi wengi, teke hilo la mtoto aliyesimama nje ya uwanja ndio mwanzo wa kandanda yao.

Siku ya pili, katika skuli yake ya Hare School, Nagendra aliwaeleza wenzake alichokiona, nao wakachanga. Hapa naomba tutulie kidogo. Hawa walikuwa watoto wadogo. Hawakungoja mfadhili, hawakungoja serikali, wala hawakumtafuta mwanasiasa wa kuwapiga picha. Walikusanya vijisenti vyao wakaenda dukani kununua mpira. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwa mipira ni ya namna nyingi, na walichorudi nacho kilikuwa mpira wa raga, umbo lake kama papai. Basi wakawa wanaupiga vivyo hivyo uwanjani mwa skuli, unaruka huku na kule, na watu wakajaa kutazama kioja hicho.

Jirani na skuli hiyo palikuwa na chuo cha Presidency College. Mwalimu mmoja wa pale, G. A. Stack, Mwingereza, aliwaona wale watoto wakihangaika. Aliwaendea, akawafahamisha kuwa mpira waliouchukua si wa kandanda, kisha akawapatia ulio sawa na kuwafunza kuucheza. Huo ndio mchango wa pili katika hadithi hii. Watoto walikwishaanza kwa jasho lao. Mwalimu aliona kilichopungua, akakitoa, na mchezo ukabaki kuwa wao.

Kutoka hapo Nagendra hakutulia. Yeye na wenzake wakaanzisha Boys' Club, kisha kikafuata kilabu baada ya kilabu. Wale waliokuwa nacho walitoa ada, na familia zenye uwezo zilisaidia. Kikubwa miongoni mwa vilabu hivyo kilikuwa Wellington Club. Kilikuwa na wanachama wengi, na wengi wao walitoka katika nyumba za watu wakubwa wa Calcutta.

Ndipo mtihani wake ukaja. Msomaji anayewajua Wahindi anafahamu habari ya matabaka yao ya kuzaliwa, ambapo kazi ya babu humfuata mjukuu. Nagendra alimwingiza kilabuni kijana mmoja aitwaye Moni Das. Huyu alikuwa mwana wa mfinyanzi. Waungwana wa Wellington Club wakakataa. Haikuwa shida kwao kwamba kijana hajui mpira. Shida ilikuwa udongo ulio mikononi mwa baba yake. Walitaka aondoke.

Tufikirie alichokuwa nacho Nagendra mkononi siku hiyo. Alikuwa na kilabu kilichosimama, chenye uwanja, vifaa na ada za watu wazito. Alikuwa kijana bado. Angeweza kumwita Moni Das pembeni, akamwomba radhi na kumwambia avumilie kwa maslahi ya wengi, kisha mambo yakaendelea. Nani angemlaumu? Yeye alikivunja kilabu. Aliona ni heri kuanza upya kuliko kuwa na kilabu kikubwa chenye mlango wa kuchuja watu kwa kazi za baba zao.

Katika miaka hiyo ya 1880 akaanzisha Sovabazar Club, na Moni Das akawa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Mtu asidhani kuwa Nagendra alizikimbia pesa za matajiri. La. Sovabazar ni jina la ukoo mkubwa wa Calcutta wenye jumba la kifahari, na yeye mwenyewe alioa katika ukoo huo. Hisani yao ilikisaidia kilabu. Lakini safari hii mlango ulikwishawekwa wazi, na aliyetoa alitoa akijua kuwa mwana wa mfinyanzi yumo ndani.

Mwaka 1892 Sovabazar Club ilikutana na timu ya kikosi cha jeshi la Uingereza, East Surrey Regiment, katika mashindano ya Trades Cup. Sovabazar ikashinda mabao 2 kwa 1. Kwa watu waliokuwa wakiambiwa kila siku kuwa Mzungu hashindiki kwa lolote, habari hiyo haikuwa ya mpira tu. Mwaka uliofuata, 1893, shirika la kusimamia kandanda, Indian Football Association, likaundwa hukohuko Calcutta.

Mbegu ile ilizaa hata pale ambapo Nagendra hakuwapo. Mwaka 1889 Mohun Bagan ilianzishwa, nayo pia ilikuwa timu ya wenyeji. Tarehe 29 Julai 1911 iliingia fainali ya ngao ya IFA dhidi ya jeshi la East Yorkshire Regiment. Wachezaji kumi kati ya kumi na mmoja walicheza miguu mitupu mbele ya wanajeshi waliovaa njumu. Umati ulikuwa mkubwa hata walio nyuma hawakuona uwanja, na yasemekana tiara zilirushwa angani kuwajulisha matokeo. Mohun Bagan ikashinda 2 kwa 1. Nagendra, ambaye katika maisha yake ya kazi alikuwa mwanasheria, alikuwa na miaka 41. Alifariki tarehe 17 Januari 1940, miaka saba kabla ya nchi yake kupata uhuru.

Sasa nirudi mtaani kwetu na lile jambo lisiloandikwa daftarini.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alijitolea kuinunulia timu yetu jezi seti nzima, na njumu kwa kila mtoto. Tulifurahi mno. Tangu timu ianze hatukuwahi kuvaa sare moja. Sharti lake halikuja kwa barua. Lilikuja kwa maneno ya pembeni, baada ya chai, kwamba kuna mtoto mmoja asingependa kumwona na jezi ile. Mtoto huyo alikuwa mlinda lango wetu, wa miaka kumi na miwili, na hatuna wa kumshinda hadi leo. Baba yake ni mgema. Maneno yaliyosemwa yalikuwa ya tabia na malezi, lakini sote tuliokaa pale tulijua kinachosemwa ni mnazi.

Kila mtu ana lake la kusema juu ya tembo, na mimi silitetei. Lakini mtoto yule hajapanda mnazi wala hajauza kibuyu. Kazi yake ni kudaka mipira. Sisi wanakamati tulitazamana, mmoja akakohoa, mwengine akamimina chai. Hakuna aliyesema ndiyo na hakuna aliyesema la, na jezi zikaja pungufu ya moja. Mimi mweka hazina nilizipokea na kutia sahihi.

Jumamosi ya kwanza ya jezi mpya mtoto yule alikuja na mkoba wake kama kawaida. Alizitazama, akazihesabu, akafahamu. Hakuuliza. Alienda kusimama nyuma ya goli, na kila mpira uliotoka nje aliukimbilia na kuurudisha. Alifanya hivyo mechi nzima. Wiki iliyofuata hakuja tena.

Niliposoma habari ya Nagendra akiwa mtoto wa miaka minane, amesimama nje ya uwanja wa watu wengine akiwarudishia mpira, nilifunga simu nikakaa kimya. Yeye alipokua alijenga uwanja ambao hakuna mtoto atakayeachwa nje kwa sababu ya baba yake. Sisi tulikuwa nao uwanja huo, tumeujenga kwa shilingi ishirini ishirini za barazani, kisha tukauuza kwa seti moja ya jezi.

Timu nyingi za mitaa yetu, kutoka Lamu hadi Vanga, zinaishi kwa michango na zitaendelea kuishi hivyo. Anayetoa apewe shukrani, jina lake likitajwa pia hakuna ubaya. Ila kabla ya kupokea, kamati iandike mapema kabisa kwamba orodha ya wachezaji haimo katika vitu vinavyochangiwa. Sisi hatukuandika.

Ijumaa hii nitalitoa jambo hili barazani mbele ya wote, mfanyabiashara wetu akiwepo, maana naye ni jirani na huenda akanifahamu. Akikubali, nitanunua jezi moja iliyopungua kwa pesa za mkebe, na mimi mwenyewe nitaipeleka nyumbani kwa mgema na kumwomba radhi yeye na mwanawe. Akikataa, nitapendekeza jezi zirudishwe zote, na tucheze na fulana zetu za zamani. Sijui wenzangu watasemaje. Ninachojua ni kwamba safari hii nitasema, na nitaliandika daftarini.