Alan Villiers, baharia aliyefilisiwa na meli kuukuu

Desemba iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda nyumbani Nyamache. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya fundi. Mashua yangu, kuukuu kuliko mimi mwenyewe, imelazwa kwenye mchanga wa hori ya Mtwapa. Fundi alikuwa ameandika hivi: mbao nne karibu na mkuku zimeoza, misumari imeliwa na kutu, kalafati yote itolewe itiwe mpya, na tanga lishonwe upya. Jumla ya gharama ilizidi bonasi yangu ya chai ya miaka mitatu.

Jirani yetu huko Nyamache alikuwa tayari kununua kipande changu cha majani chai. Kaka yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua mtu aliyekulia milimani, ambako maji makubwa ni mto Gucha, anatafuta nini baharini hata auze shamba la baba. Sikuwa na jibu. Mvua ikanyesha wiki nzima, nami nikakaa chini ya mabati nikisoma tena habari za Alan Villiers, ambaye swali hilo alilijibu kwa maisha yake.

Villiers alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903. Akiwa na miaka 15 alikwenda baharini kama mwanafunzi katika meli ya matanga. Wakati huo meli za mvuke zilikuwa zimekwisha kuchukua karibu biashara yote, na za matanga zilibakiwa na mizigo isiyo na haraka, kama vile ngano ya Australia iliyopelekwa Ulaya. Kijana huyo alianguka kutoka juu ya milingoti akaumia vibaya. Akashuka pwani, akawa mwandishi wa gazeti huko Tasmania, lakini bahari haikumtoka. Mwaka 1929 alirudi katika meli kuukuu iitwayo Grace Harwar ili apige picha za sinema za kazi ya matanga. Rafiki yake waliyekwenda naye kwa kazi hiyo alifia humo, akapigwa na foromali iliyoanguka.

Mwaka 1931 alishirikiana na nahodha Ruben de Cloux kununua meli kubwa ya milingoti minne, Parma. Hapo bahati ilimfuata. Mwaka 1933 meli hiyo ilitoka Australia ikafika Uingereza kwa siku 83, ikazishinda meli zote zilizobeba ngano mwaka huo. Faida ilipatikana, na nadhani faida hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1934 alisikia kwamba huko Denmark kuna meli ndogo ya mafunzo iliyochoka, Georg Stage, iliyoundwa Copenhagen mwaka 1882, na kwamba huenda ikavunjwa. Meli yenyewe ilikuwa na historia ya msiba: mwaka 1905 iligongwa na meli nyingine ikazama, vijana 22 wakafa maji, kisha ikainuliwa na kutengenezwa. Villiers aliinunua kwa fedha zake, akaipa jina la mwandishi Joseph Conrad, ambaye naye aliwahi kuwa baharia. Oktoba mwaka huo akang'oa nanga Uingereza, akiwa na vijana wengi ambao hawakuwahi kufunga tanga maishani mwao.

Yeyote aliyewahi kumiliki chombo kikuukuu ataielewa safari hiyo kuliko wengine. Januari 1935, huko New York, dhoruba ilikata nanga na kuitupa meli kwenye mawe. Kabla hata ya kuanza safari ndefu, mwenye meli alikuwa tayari analipa mafundi. Hata hivyo aliendelea: Rio de Janeiro, Cape Town, visiwa vya Indonesia ya leo, Sydney, Tahiti, kisha akaizunguka Cape Horn. Oktoba 1936 alirudi New York baada ya maili zipatazo elfu 57. Meli ilikuwa hai, vijana walikuwa wamekuwa mabaharia, naye hakuwa na senti. Ilimbidi aiuze.

Niliposoma hapo kwa mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilimhurumia. Safari hii nilisoma kwa jicho la mtu mwenye karatasi ya fundi mfukoni. Angeing'ang'ania meli ile bila uwezo, ingemwozea mikononi. Aliiuza kwa tajiri Mmarekani aliyeweza kuitunza, na mwaka 1947 ikakabidhiwa makumbusho ya bahari ya Mystic, jimbo la Connecticut. Mpaka leo ipo hapo, inaelea majini, miaka zaidi ya 140 tangu iundwe.

Baada ya kufilisika, Villiers alikuja kwetu. Aliamini kwamba watu wa mwisho waliokuwa wakiishi kwa biashara ya matanga matupu ni mabaharia wa Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 1938 alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Walishuka na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na zaidi ya abiria mia moja kutoka Hadhramaut. Walipita Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, wakaingia hata delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi na kusi hadi Kuwait katikati ya 1939. Miaka ile vyombo vya Ghuba vilipandishwa ufukoni kwetu kabla ya kurudi, vikakwanguliwa chaza na kupakwa deheni, maana hakuna nahodha aliyethubutu kuondoka na chombo kichafu.

Alichokiona Villiers katika safari hiyo ni kwamba chombo kile hakikuwa mzigo wa mtu mmoja. Mabaharia hawakulipwa mshahara. Waligawana faida kwa mafungu, na chombo chenyewe kilikuwa na fungu lake. Kwa hiyo kila mkono uliokuwa humo ulikuwa na sababu ya kukitunza. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka 1940, na picha alizopiga zimehifadhiwa Greenwich, London. Wazee wetu wengi wa Bandari ya Kale hawakuachiwa kumbukumbu nyingine ya picha yenye kina kama hiyo.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu katika jeshi la maji la Uingereza. Mwaka 1957 aliongoza Mayflower II, mfano wa meli ya kale, kutoka Plymouth ya Uingereza hadi Plymouth ya Marekani kwa siku zaidi ya 50. Alifariki Oxford mwaka 1982. Nahodha al-Najdi alikuwa amemtangulia mwaka 1979. Bahari ndiyo iliyomchukua.

Siku ya kuondoka Nyamache nilimwambia kaka yangu kwamba majani chai hayauzwi. Alicheka, akaniuliza kama basi mashua itaachwa ioze. Nikamwambia hapana.

Niliporudi Mtwapa nilimwita nahodha wangu na vijana wawili wanaovua naye. Tumeigawa mashua mafungu manne, na fungu la tano ni la chombo chenyewe, haliguswi na mtu. Bonasi ya mwaka huu imenunua mbao za mvule na misumari. Pamba na mafuta ya kalafati wamenunua wao. Tanga litangoja. Lile la zamani tutalitia viraka, maana tunataka kuiteremsha majini kwenye bamvua kabla kusi halijaanza.

Inaniuma kidogo kusema mashua yetu badala ya mashua yangu. Lakini jana nilipita hapo jioni, nikamkuta mmoja wa vijana amechuchumaa peke yake chini ya tumbo la chombo, anagonga pamba kati ya mbao, na hakuna aliyemtuma.