Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyeshinda mtihani wa urubani

WENGI wanaomkumbuka Beryl Markham humkumbuka kwa usiku mmoja tu wa Septemba 1936, alipoirusha ndege peke yake kutoka Uingereza akiikabili bahari ya Atlantiki. Ni wachache wanaokumbuka kwamba safari hiyo ilianzia mezani nchini Kenya, penye ramani, penseli na hesabu za upepo.

Alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902, akaletwa nchini angali mdogo mno. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba Njoro. Mamake hakuyaweza maisha hayo. Alirejea kwao na kumwacha binti huyo mikononi mwa babake. Beryl akakua na watoto wa majirani Waafrika, akinena Kiswahili tangu utotoni na kujifunza kuwinda kwa mkuki. Shule aliionja tu. Alipopelekwa Nairobi kusoma, alidumu muda mfupi, akafukuzwa. Elimu yake hasa ikawa farasi, na akiwa bado kijana alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Urubani alifundishwa na Tom Campbell Black, mmoja wa marubani wa mwanzo wa kampuni ya Wilson Airways iliyoasisiwa 1929. Mnamo Mei 14, 1931, rafiki yao Denys Finch Hatton aliangamia ndege yake ilipoanguka Voi. Mwingine angeiacha fani hiyo papo hapo. Beryl hakuiacha, na kufikia Julai mwaka huo alikuwa na leseni ya daraja la A.

Leseni hiyo haikumruhusu kupokea malipo. Aliyetaka kuishi kwa urubani alihitaji ya daraja la B, na hapo ndipo palipokuwa na kisiki. Mtahiniwa hakupimwa ustadi wa mikono pekee, bali pia maarifa ya injini na uongozaji wa ndege kwa ramani na dira. Chukua mfano wa ndege iendayo maili 100 kwa saa: upepo wa maili 20 ukiipiga ubavuni, baada ya saa moja itakuwa imesukumwa maili 20 kando ya njia. Rubani hana budi kuukadiria upepo huo mapema, aielekeze ndege upande unakotoka, kisha airekebishe dira ambayo nayo hupotoshwa na vyuma vya ndege yenyewe. Kwa mtu aliyetoka darasani mapema, hayo hayakuwa mambo ya lelemama. Lakini katika nchi iliyokuwa na viwanja vichache na nyika isiyokwisha, aliyekosea hesabu aliweza kuishiwa na mafuta mahali pasipo mtu wala maji.

Alifaulu 1933, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya urubani wa kibiashara. Akasafirisha barua, abiria na mahitaji, na hata kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu kutoka angani, kazi ambayo leo isingemletea sifa.

Jioni ya Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon kwa ndege ya Vega Gull aliyoazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Hakuwa na redio. Kwa saa 21 na ushei alipambana na upepo wa mbele, giza na mvua, akitegemea dira na hesabu zake. Injini ilizimika karibu na pwani ya Kanada, barafu ikidhaniwa kuzuia mafuta, na ndege ikatumbukia puani katika kinamasi cha Nova Scotia. Alitoka na jeraha la kichwa. New York hakufika kwa ndege ile, ila alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Majuma mawili baadaye, Septemba 19, mwalimu wake Campbell Black alifariki katika ajali uwanjani Liverpool.

Kitabu cha Beryl kuhusu maisha yake kilitoka 1942, kikasahauliwa, kikachapishwa upya 1983. Alikuwa amesharudi Kenya kitambo na kuwafunza farasi waliotwaa mataji mengi. Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.