Kapteni Siborne, Aliyeuweka Uwanja wa Vita Mezani

Kila askari aliyepitia mafunzo ya uongozi anaijua meza ya mchanga. Juu yake mwalimu huinua kilima kwa konzi ya udongo, huchora mto kwa uzi wa buluu na kupanga kijiji kwa vipande vya mbao vidogo kama kiberiti. Kisha humwuliza mwanafunzi adui atatokea upande gani. Wengi wetu tumeitumia meza hiyo bila ya kufikiri kwamba zamani alikuwako afisa aliyetoa miaka mingi ya maisha yake kuitengeneza kwa ukamilifu, na kwamba kazi hiyo ilimpatia sifa, madeni na chuki ya wakubwa. Afisa huyo ni Kapteni William Siborne wa jeshi la Uingereza, na leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari zake.

Siborne alizaliwa mwaka 1797. Baba yake alikuwa afisa wa Rejimenti ya 9 ya askari wa miguu, na kijana naye akaingia katika rejimenti hiyo hiyo mwaka 1813, baada ya kusoma katika chuo cha kijeshi. Mapigano makubwa ya Waterloo, nchini Ubelgiji, yalipopiganwa tarehe 18 Juni 1815, yeye hakuwako. Alifika baadaye mwaka ule ule na jeshi lililokwenda kuikalia Paris. Ustadi wake haukuwa wa upanga bali wa kalamu na vipimo. Mwaka 1827 alitoa kitabu juu ya upimaji na uchoraji wa ramani, ambamo alifundisha pia namna ya kuifinyanga ardhi kwa mfano mdogo.

Kitabu hicho kilimpa jina. Mwaka 1830, Jenerali Hill, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Uingereza, alimwagiza atengeneze mfano wa uwanja wa Waterloo. Siborne hakuridhika na ramani za watu wengine. Alikwenda kukaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, lililokuwa katikati ya uwanja ule, akaipima ardhi hatua kwa hatua: mabonde, njia, maboma na kuta za mashamba.

Lakini ardhi peke yake haisemi nani alisimama wapi. Kwa hiyo mwaka 1834 aliwaandikia maafisa waliokuwa hai bado, akawauliza kikosi chao kilikuwa katika umbo gani yapata saa moja jioni, walipoliona shambulio la mwisho la walinzi wa Napoleon. Adui aliyewakabili alikuwa na umbo gani. Na hata katika mashamba yaliyowazunguka palikuwa pameota nafaka ya aina gani. Majibu yalikuja kwa mamia. Haikuwa imepata kutokea mtu kukusanya ushahidi wa mapigano mamoja kwa wingi namna hiyo kutoka kwa wale waliopigana wenyewe.

Swali lile la nafaka huenda likawachekesha baadhi ya wasomaji. Lakini nafaka ndefu humficha askari, na nafaka iliyokanyagwa huonyesha farasi walipita wapi. Siborne alielewa kwamba mfano mdogo hauwi wa kweli kwa kuwa na vipimo sahihi tu. Lazima uchukue alama za mambo yaliyotokea mahali pale.

Watengenezaji wa reli ndogo za mfano katika Ulaya na Marekani wameifanya kazi hiyo kuwa fani kamili. Mmoja wao, John Allen wa California, aliyefariki mwaka 1973, alisifika kwa kuyachakaza majengo yake madogo mpaka yakafanana na yale yaliyopigwa na jua na mvua kwa miaka mingi. Njia zenyewe si ngumu. Rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi hupakwa ukutani, ikafutwa kwa kitambaa kabla haijakauka, ili ibaki katika nyufa tu. Unga wa chaki au wa mkaa husuguliwa juu ya paa kuwa vumbi na masizi. Rangi ya kahawia hutiwa kwa ncha ya brashi pale mabati yanapoungana, kuwa kutu.

Tutoe mfano wa karibu. Tukitaka kuiweka Gatumba yetu mezani, twaweza kukata nyumba kwa kadibodi, kuziezeka kwa bati la mkebe, na kuusawazisha uwanda wa Rusizi kwa plasta mpaka ufukweni mwa ziwa. Lakini tukizipaka nyumba zote rangi mpya, tutamdanganya askari atakayeitazama. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao, na mafuriko yakarudi tena miaka iliyofuata. Ukuta uliosimama majini hubakiwa na mstari wa tope. Mstari huo ukichorwa kwa usahihi humwambia kiongozi wa kikosi maji yanafika wapi, njia ipi itakatika kwanza, na wazee na watoto wahamishiwe upande gani.

Turudi kwa Siborne. Mwaka 1833 serikali ilikataa kuendelea kumlipa, baada ya kutoa kiasi cha pauni 380. Yeye hakuiacha kazi. Huku akitumika ofisini katika makao makuu ya jeshi nchini Ayalandi, aliendelea kwa fedha zake na kwa mikopo, mpaka gharama ikakaribia pauni 3,000, mzigo usiobebeka kwa afisa wa cheo chake. Mfano ulikamilika mwaka 1838. Ulikuwa na upana wa mita 6 hivi, na juu yake palisimama sanamu zaidi ya 70,000 za madini, kila moja na kimo cha sentimita moja. Ulionyeshwa London katika jumba la Egyptian Hall, na watu wapatao 100,000 walilipa shilingi moja moja kuutazama. Hata hivyo Siborne alilalamika kwamba fedha hizo hazikumfikia.

Lililomwumiza zaidi ni jambo la Waprusia. Ushahidi alioukusanya, pamoja na ule wa jeshi la Prussia, ulimwonyesha kwamba jioni ile majeshi ya Prussia yalikuwa yamekwisha kulishambulia kwa nguvu ubavu wa kulia wa Napoleon. Yeye akayaweka mezani kadiri alivyoyapata. Wellington, aliyeliongoza jeshi la Uingereza na washirika wake siku ile, hakupendezwa, wala watu wake wa karibu. Waliona kwamba mfano ule unawapa Waprusia sehemu kubwa mno ya ushindi. Siborne alishikilia ushahidi wake miaka kadhaa. Lakini madeni yalipombana, alikubali kuwaondoa baadhi ya Waprusia. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya jambo hilo.

Baadaye alitengeneza mfano wa pili, ulioonyesha shambulio la askari wa farasi wa Uingereza mchana ule, na mwaka 1844 akachapisha historia ya vita vile. Alifariki Januari 1849. Mfano wake mkubwa umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi mjini London. Mwaka 1891 mwanawe, naye afisa, alichapisha sehemu ya barua zile, na mpaka leo mtafiti wa Waterloo hana budi kuzisoma.

Sanamu ziliondolewa mezani, lakini barua zilibaki, na kwa barua hizo ndipo twajua kilichoondolewa. Nasi tunaotumwa kutazama daraja, kijiji au kivuko na kurudi na taarifa, yafaa tulikumbuke hilo. Mkubwa ana haki ya kuamua afanye nini na taarifa aliyopewa. Wajibu wetu ni kumwekea mezani ardhi kama ilivyo, pamoja na tope lake, na kuuhifadhi ushahidi tulioupata.