Al-Masudi na Nyangumi wa Bahari ya Zanji

Ikiwa unakaa Mang'ola, nyoosha mkono wako. Urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati huitwa dhiraa. Sasa simama ukingoni mwa shamba la vitunguu, uhesabu dhiraa 400 kwenda mbele. Utakuwa umefika mbali, karibu mita 200. Mabaharia wa zamani walisema kwamba katika Bahari ya Zanji, yaani bahari ya pwani yetu, alikuwamo samaki mwenye urefu huo.

Aliyeiandika habari hiyo ni Al-Masudi. Alizaliwa Baghdad, nchini Iraki, mwishoni mwa karne ya 9. Alipenda kusafiri na kuuliza. Safari yake ya mwisho katika bahari hii ilikuwa mwaka 916 au 917, alipotoka Qanbalu kwenda Omani. Wataalamu wengi hudhani kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba. Alisafiri katika chombo cha ndugu wawili wa mji wa Siraf, Ahmad na Abd al-Samad. Baadaye ndugu hao walizama na chombo chao katika bahari hiyohiyo. Al-Masudi alikuwa amepita bahari nyingi, na aliandika kwamba hakuona yenye hatari kuliko hii.

Basi usiwacheke mabaharia wale kwa hofu yao. Walipomwona nyangumi akirusha maji juu kama mshale, walipiga ngoma na mbao ili aondoke. Tena walisimulia juu ya vita. Nyangumi akiwaonea viumbe wengine, walisema, hujiwa na samaki mdogo wa dhiraa moja, akamganda sikioni. Nyangumi hushindwa kumbandua. Huzama hadi chini, akajipigapiga mpaka afe, kisha huelea kama mlima.

Je, habari hii ni ya kweli? Tuichambue. Samaki mdogo yupo, na wavuvi wetu humwita chazo. Juu ya kichwa chake ana kibandiko cha kufyonzea, ambacho hujigandisha nacho kwa papa, kasa na nyangumi. Wavuvi wa pwani walimfunga kamba mkiani, wakamtumia kukamata kasa. Lakini chazo hamwui nyangumi. Hupata usafiri tu, na chakula. Wala nyangumi hana sikio la nje la kugandwa. Huenda mabaharia waliona mzoga umeelea kwa hewa ya uozo, na chazo wamebandika juu yake, wakaunganisha mambo hayo mawili.

Nyangumi naye si samaki. Ana mapafu, na mshale ule ni pumzi yake iliyochanganyika na matone ya maji. Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Tanzania kati ya Julai na Novemba, na urefu wao ni kama mita 15. Nyangumi bluu, mkubwa kuliko wote, hufikia mita 30 hivi. Rudi shambani, uihesabu tena.

Al-Masudi alifariki Fustat, nchini Misri, mwaka 956. Vita vya kweli hakuvisikia, kwa kuwa hupiganwa gizani: nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha pembe nne huzama zaidi ya mita 1,000 kuwawinda ngisi wakubwa, na hurudi juu akiwa na makovu ya mviringo usoni.