Isaac Asimov: mtoto wa muuza duka aliyeziwekea roboti sheria

Ndugu msomaji, kama unasoma uhandisi au kompyuta bila shaka jina la Isaac Asimov si geni kwako. Na kama husomi mambo hayo, basi umeshawahi kutumia neno lake bila kujua. Neno "robotiki", yaani elimu ya kutengeneza roboti, yeye ndiye aliyelichapisha kwanza mwaka 1941, na mwenyewe alidhani limo kwenye kamusi siku nyingi! Wengi wanamjua kama mzee mwenye ndevu za mashavuni aliyeandika au kuhariri vitabu karibu 500. Lakini ukiyafuatilia maisha yake utaona kuna mambo mengi ambayo sisi wa ughaibuni tunayaelewa vizuri sana.

Alizaliwa katika kijiji cha Petrovichi, Urusi, kwenye familia ya Kiyahudi. Siku yenyewe haijulikani, ila ni kati ya Oktoba 1919 na mwanzoni mwa Januari 1920. Yeye aliamua kusherehekea tarehe 2 Januari 1920. Februari 1923 wazazi wake, Mzee Judah na Mama Anna, waliteremka melini New York naye akiwa mtoto wa miaka mitatu. Nyumbani walimsemesha Kiyidishi na Kiingereza, na Kirusi hakujifunza maisha yake yote. Wazazi wenye watoto wasiojua Kiswahili hapa ugenini mnajua ninachosema.

Hata suala la makaratasi lilimgusa. Mama yake alitaka aanze shule mapema, akaandikisha kwamba kazaliwa Septemba 1919. Mtoto alipogundua hakukubali, akataka isahihishwe iwe Januari. Ukweli huo ulimgharimu baadaye: mwishoni mwa 1945, vita vikiwa vimeshakwisha, aliitwa jeshini akiwa bado hajafikisha miaka 26. Kwa tarehe ile ya mama angekuwa ameshavuka umri.

Mwaka 1926 Mzee Judah alinunua duka la peremende huko Brooklyn. Duka lilifunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane, siku zote za wiki, na kila mwanafamilia alikuwa na zamu yake. Pamoja na peremende na sigara waliuza majarida, yakiwemo yale ya bei poa yenye hadithi za ajabu na picha kali kwenye jalada. Mzee aliyaona takataka na akampiga marufuku kijana asiyaguse. Mwaka 1929 likatoka jarida jipya ambalo jina lake lilikuwa na neno "sayansi" ndani. Kijana akamwonyesha baba neno hilo, na baba akaruhusu. Basi akawa anayasoma dukani kwa uangalifu mkubwa na kuyarudisha kwenye rafu yakiwa kama mapya, maana yalikuwa bidhaa ya kuuza.

Hapa ndipo linaingia jambo la ushabiki, ambalo watu hulidharau. Miaka ile majarida hayo yalikuwa na kurasa za barua, na wasomaji waliandikiana, wakabishana, wakaanza kuunda vikundi. Septemba 1938 Asimov alijiunga na kikundi cha Futurians cha New York, vijana wadogo wasio na hela ambao kazi yao ilikuwa kusoma, kuandika na kugombana. Ndiyo, kugombana! Julai 1939 ulipofanyika mjini humo mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za sayansi, wenzake sita walizuiwa mlangoni na kundi pinzani. Asimov alipita akaingia. Mambo ya vyama ni yale yale popote. Lakini tusiishie kucheka, maana katika kikundi kile walitoka wahariri na waandishi waliojenga fani nzima, kama Frederik Pohl, Donald Wollheim na Cyril Kornbluth. Walisomeana kazi zao na kukosoana bila huruma, na hicho ndicho kilichowakuza.

Juni 1938, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Asimov alipeleka hadithi yake ya kwanza kwa mhariri John W. Campbell kwa mkono wake mwenyewe. Ilikataliwa. Akaandika nyingine, na nyingine. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka kwenye toleo la Machi 1939 la jarida jingine. Kufikia 1942 alikuwa ameanza mambo mawili yaliyompa jina: mfululizo wa "Foundation", unaohusu mtaalamu anayetabiri kwa hesabu mwenendo wa umma mkubwa wa watu, na zile Sheria Tatu za Roboti.

Neno "roboti" lenyewe lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek wa Czechoslovakia, mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Katika hadithi nyingi za wakati ule roboti hutengenezwa, kisha humgeukia na kumwangamiza aliyeitengeneza. Asimov alichoshwa na hilo. Kwake roboti ni chombo, na kila chombo kina kinga yake, kama kisu kilivyo na mpini. Kwa ufupi, sheria ya kwanza inakataza roboti kumdhuru binadamu au kumwacha adhurike, ya pili inaitaka itii amri isipovunja ya kwanza, na ya tatu inaitaka ijilinde bila kuvunja hizo mbili.

Watu wengi wanadhani Asimov alisema sheria hizi zinatosha. Wapi! Karibu kila hadithi inaonyesha zinavyokwama. Chukua ile ya "Runaround" ya 1942. Roboti inatumwa kuchota madini kwenye sayari ya Zebaki. Amri imetolewa kwa ulegevu, na kwa kuwa roboti yenyewe ni ya ghali, sheria yake ya kujilinda imeongezewa nguvu. Ikikaribia hatari inarudi nyuma, ikirudi nyuma amri inaivuta mbele, mwisho inabaki inazunguka kama mlevi pale nguvu mbili zinapolingana. Mhandisi yeyote wa mifumo ya udhibiti anaujua ugonjwa huo. Mashine haikuasi, bali ilifuata ilichoambiwa, na waliokosea ni walioiambia.

Wenzangu wa uzamivu, hii ni yenu. Mwaka 1948 Asimov alikuwa anakamilisha tasnifu ya kemia. Akaandika makala ya utani yenye sura ya kitaalamu kabisa, kuhusu kemikali inayoyeyuka kabla hujaitia maji. Alimwomba mhariri atumie jina la bandia, lakini ikatoka na jina lake halisi miezi michache kabla ya mtihani wa kujieleza mbele ya maprofesa. Fikiria hofu aliyokuwa nayo! Maprofesa wakamhoji kwa ukali, na mwisho mmoja akamtaka aeleze tabia za kemikali ile. Asimov akaangua kicheko kwa jinsi alivyopumua, akijua wasingemtania kama walikuwa wamepanga kumfelisha.

Mwaka 1949 alianza kufundisha biokemia kwenye chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Boston. Mwaka 1958 aliacha mshahara, akabaki na cheo tu, na kuanzia hapo aliishi kwa kalamu. Aliandika juu ya fizikia, Biblia, Shakespeare, hesabu na historia, kwa lugha nyepesi ambayo mwanafunzi yeyote angeifuata. Ndege aliziogopa mno. Hata hivyo mwaka 1973 alipanda meli hadi pwani ya Afrika Magharibi kutazama kupatwa kwa jua tarehe 30 Juni, miaka 32 baada ya kuandika hadithi ya "Nightfall", kuhusu sayari yenye majua sita ambayo giza huiingia mara moja katika miaka zaidi ya elfu mbili. Kivuli kile kile kilivuka bara siku hiyo hadi kaskazini ya Kenya, Turkana.

Kumsifu bila kusema mabaya yake si haki. Kwenye mikutano ya mashabiki alijulikana kwa kuwashika wanawake bila ridhaa yao, na wengi walilichukulia kama utani. Haukuwa utani. Mabinti walioipenda sayansi kama yeye alivyoipenda walijifunza kumkwepa, na hatujui ni wangapi waliacha kuja kabisa. Aliyetunga sheria ya kutomdhuru binadamu hakuifuata yeye mwenyewe.

Desemba 1983 alifanyiwa upasuaji wa moyo. Damu aliyoongezewa ilikuwa na virusi vya UKIMWI, maana upimaji wa damu ulianza 1985. Alipofariki New York tarehe 6 Aprili 1992, ilitangazwa kwamba moyo na figo vimeshindwa kufanya kazi. Madaktari walikuwa wameshauri jambo lisisemwe kwa kuhofia unyanyapaa. Mpaka 2002 ndipo mkewe, Janet, alipoutoa ukweli kitabuni. Tafakari hapo, ndugu yangu. Mtu aliyeifafanulia dunia sayansi kwa miaka 40 aliondoka bila kuufafanua ugonjwa wake mwenyewe, tena miaka ambayo sisi kwetu tulikuwa tunazika watu kwa majina ya malaria na kifua kikuu. Simlaumu. Lakini sauti kama yake ingesaidia wengi.

Leo roboti za viwandani ni jambo la kawaida. Joseph Engelberger, aliyeingiza ya kwanza kiwandani Marekani mwaka 1961, alikiri kwamba hadithi za Asimov ndizo zilizomwasha. Akili bandia ya sasa nayo inaandika na kujibu maswali, lakini haina sheria tatu zilizochongwa ndani yake. Imefunzwa kwa mifano, na baadhi ya mifano michafu ilichambuliwa na vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa, kama ilivyofichuka Januari 2023. Sheria za Asimov hazikuwataja hao. Kwa hiyo sisi tunaosoma fani hizi tuna swali la kujiuliza zaidi ya lile la roboti kumdhuru binadamu: ni binadamu gani tunayemhesabu? Msomeni, anzeni na "I, Robot" ya 1950. Maktaba nyingi za vyuo wanayo.