Sidi Mubarak Bombay: Mrejeaji aliyetafuta chombo Ziwa Tanganyika mara tatu

Mwaka 2012 nilitumwa Dar es Salaam kununua lori dogo. Walionituma ni wanachama wenzangu wa kikundi cha wauza mawese hapa Rumonge, wengi wao wakiwa wanawake wenye umri wa mama zangu na shangazi zangu. Hawakunichagua kwa sababu nayajua magari. Walinichagua kwa sababu nimekulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na nimerudi nyumbani nikiwa na Kiswahili cha huko. Kwa fikra zao, anayeijua lugha ya muuzaji hawezi kupunjwa.

Nilipunjwa.

Yadi niliyoingia, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na kiyoyozi, makochi na soda baridi. Kijana aliyenipokea aliniita mzee, ingawa umri wetu haukupishana sana. Lori nililolitaka halikuwapo. Nilioneshwa picha yake na kuambiwa kwamba liko melini, linakuja. Nikatoa arbuni. Kuanzia siku hiyo soda zilikoma. Simu zangu hazikupokelewa, gharama za bandarini zikawa zinaongezeka kila nilipouliza, na kwa miezi mitatu lori likawa ni la wiki ijayo. Mwishowe nilirudishiwa nusu ya fedha. Nilivuka mpaka wa Manyovu nikijiuliza nitawaambia nini wale akina mama.

Ni katika kipindi hicho kigumu ndipo nilipoanza kusoma habari za Sidi Mubarak Bombay. Ndugu msomaji, sisi wa pwani hii tumezoea kusikia majina ya Livingstone na Stanley, kwa kuwa jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, linatukumbusha kwamba walilala pale Novemba 1871. Bombay hatajwi sana. Lakini yeye alifika kwenye ziwa hili na misafara mitatu tofauti, na kila mara mazungumzo yalianza na swali lilelile: chombo kitapatikana kwa nani, na kwa bei gani?

Mtoto aliyechukuliwa kwa deni

Bombay alizaliwa miaka ya 1820 hivi, katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ambapo leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Kisa cha utumwa wake, kama alivyomsimulia baadaye Mwingereza John Hanning Speke, kilianza na biashara ya mkopo. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamewakopesha wanakijiji nguo na shanga wakati wa shida. Siku moja walirudi ghafla wakiwa na bunduki, wakakizingira kijiji na kudai walipwe papo hapo. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa. Baadhi walikimbia, wengine wakakamatwa.

Wakati huo Bombay alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Alipelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, akabadilishwa kwa nguo na kusafirishwa hadi India. Jina lake lilitokana na mji wa huko. Alimtumikia bwana wake kwa miaka mingi hadi bwana huyo alipofariki, naye akaachwa huru. Ndipo akapanda chombo na kurudi Afrika. Hata hivyo hakurudi kijijini kwao. Alifikia Zanzibar, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani na kupangiwa kituo cha Chogwe, karibu na Pangani.

Sisi tuliorudi tunaifahamu hali hiyo. Mtu anarudi na lugha ya ugenini, na mara nyingi lugha hiyo ndiyo mtaji pekee alionao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bombay. Mwanzoni mwa mwaka 1857 Speke na mwenzake Richard Burton walipofika Chogwe, walikuta askari anayezungumza Kihindustani. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini Kihindustani alikijua kutokana na utumishi wake katika jeshi la India. Bombay akaajiriwa, na tangu hapo kila neno la Speke lilipita mdomoni mwake.

Ukarimu bila chombo

Msafara ulifika Ujiji Februari 1858. Burton hakuweza kutembea kwa sababu ya homa, na macho ya Speke yalikuwa karibu kupofuka. Walitaka kujua kama kule kaskazini mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, kwa sababu walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kwa safari hiyo walihitaji chombo imara. Walisikia kwamba kuna jahazi moja, mali ya mfanyabiashara Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi.

Mwezi Machi Speke na Bombay walivuka kwa mtumbwi kumfuata. Sheikh aliwapokea kwa ukarimu mkubwa, akawalaza na kuwalisha vizuri. Jahazi lilionekana kuwa la kupatikana bila taabu. Kisha zikaanza sababu. Siku zikapita, na jibu la mwisho likawa kwamba wasubiri miezi mitatu. Mwishoni mwa mwezi Speke alirudi Ujiji mikono mitupu, na Burton hakuficha hasira yake.

Niliposoma habari za miezi ile mitatu nilicheka peke yangu, ingawa kwa kweli halikuwa jambo la kuchekesha. Niliyaona makochi ya yadi ile.

Walipokosa jahazi walibaki mikononi mwa Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji, aliyekuwa na mitumbwi na waendeshaji. Kannena alijua kwamba wateja wake hawana pengine pa kwenda, na bei yake ilikuwa bei ya mtu anayelijua hilo. Walimlipa. Hata baada ya kulipwa aliendelea kusitasita, mpaka Burton akamvisha mabegani kitambaa cha joho jekundu, kama zawadi ya kumtia moyo awafikishe Rusizi.

Mwezi Aprili walipanda kaskazini wakiambaa na pwani yetu ya Urundi hadi Wafanya, kituo ambacho wasafiri walikitumia kabla ya kuvuka kwenda Ubwari. Ukisimama ufukweni Rumonge siku isiyo na ukungu, milima ya Ubwari unaiona mbele yako. Mwishoni mwa Aprili walifika Uvira. Pale walikuwa wamekaribia kabisa Rusizi, lakini Kannena na watu wake walikataa kwenda mbele, wakisema watu wa huko ni wakali. Bei ilikuwa imelipwa na joho lilikuwa limetolewa, lakini safari iliishia hapo.

Uvira ndipo Bombay alipotoa neno ambalo mimi huona ndilo kubwa kuliko yote ya safari ile. Speke alikuwa amerudi kutoka Kasenge akiamini Sheikh Hamed amemhakikishia kwamba mto unatoka ziwani. Wenyeji wa Uvira walisema unaingia. Ndipo Bombay akaeleza kwamba Speke hakumwelewa sheikh, aliyekuwa amesema mto unaingia. Akaongeza kwamba, kwa maoni yake, sheikh mwenyewe hakuwahi kufika upande ule. Ukweli huo ulichelewa kwa zaidi ya mwezi mzima. Labda hakuulizwa. Labda, kama mkalimani yeyote aliye chini ya bwana wake, hakuona mahali pa kuusemea.

Mtumbwi wa Said bin Majid

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Bombay alikuwa na Speke walipolifikia ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Kati ya mwaka 1860 na 1863 alisafiri tena na Speke pamoja na James Grant, wakapita Buganda, wakaufuata Nile hadi Misri. Kwa safari hiyo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley alimwajiri kuwa mkuu wa askari wa msafara wake wa kumtafuta Livingstone. Huyu hakuwa bwana mpole, na Bombay alionja fimbo yake. Walifika Ujiji Novemba mwaka huo. Safari hii chombo kilipatikana kwa njia fupi. Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, alikuwa na mtumbwi mkubwa, nao wakautumia. Waliambaa na pwani yetu, wakalala Mugere, wakafika mdomo wa Rusizi na kushuhudia kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Suala lililogharimu mali na joho jekundu mwaka 1858 likamalizika.

Tusimfanye Bombay malaika. Katika safari hiyo, usiku mmoja kwenye pwani ya Urundi, yeye na Susi, mtumishi wa Livingstone, walizidiwa na pombe ya kukaribishwa. Wezi waliuingia mtumbwi, wakaondoka na kamba ya kupimia kina cha maji, risasi, unga na sukari ya Livingstone. Mkarimu anaweza kukupunguzia macho hata kama hana nia mbaya.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1874, akiwa na Verney Lovett Cameron. Walikodi vyombo viwili Ujiji na kuelekea kusini, wakaukuta mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo. Kisha waliendelea kwa miguu hadi bahari ya Atlantiki, wakafika Novemba 1875. Baada ya hapo Bombay alipewa pensheni ndogo na chama kile cha London, akaishi Zanzibar hadi alipofariki Oktoba 1885.

Nilichowaambia akina mama

Niliporudi Rumonge nilikuta maneno yamenitangulia. Kulikuwa na waliosema nimekula fedha. Sikuwalaumu, maana mtu wa katikati ndiye anayeonekana pale muuzaji anapokuwa mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bahati daftari nilikuwa nalo. Nililiweka mbele yao pamoja na stakabadhi, nikaeleza kila siku na kila senti, hata ile siku niliyotoa arbuni kwa kuona aibu baada ya kunywa soda ya watu. Hilo la aibu lilikuwa gumu kulisema, lakini ndilo lililowafanya waniamini. Niliahidi kufidia hasara kutoka katika mgao wangu, na ilinichukua miaka miwili.

Lori tulilipata mwaka uliofuata, Kigoma, kwa mtu asiye na kochi hata moja. Nilikwenda na fundi wetu pamoja na shangazi mmoja wa kikundi, ili masikio yasiwe mawili tu. Tulisoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi, tukaliwasha, tukaliendesha mlimani. Bei yote, pamoja na gharama za kulifikisha mpakani, iliandikwa kwenye karatasi moja kwa Kiswahili na Kirundi. Nusu tulilipa tulipopewa ufunguo, na nusu ya pili tulipofika mpakani.

Kwa wenzangu wanaovuka mpaka kutafuta gari, pikipiki au boti, sina neno kubwa zaidi ya hilo. Usiusome ukarimu wa muuzaji kabla hajapata fedha zako. Na wewe unayetumwa kwa sababu unajua lugha, sema mapema unachokijua, hata kama hujaulizwa. Uvira ilikuwa mbali mno.