Margaret McMillan na Halmashauri ya Shule ya Bradford

Katika somo la Misingi ya Elimu, wanachuo husoma habari za Pestalozzi, Froebel na Montessori, na jinsi kila mmoja wao alivyomtazama mtoto. Ni mara chache wanapokutana na habari za mtu aliyetambua kwamba ufundishaji bora huanzia pia katika chumba cha mkutano, pale fedha za shule zinapogawanywa. Margaret McMillan alikuwa mtu wa namna hiyo. Tumekusudia kueleza maisha yake kwa kuwa yanatukumbusha jambo ambalo mwalimu hana budi kulijua: akili ya mtoto haiji shuleni peke yake, huja pamoja na mwili wake.

Utoto na ujana

Margaret alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi waliotoka Scotland. Mwaka 1865 baba yake na mdogo wake wa kike walifariki dunia. Mama mjane akawachukua binti zake wawili waliosalia, Rachel na Margaret, akarudi nao kwao Inverness. Margaret mwenyewe aliugua sana, na kwa miaka mingi ya utoto wake alikuwa kiziwi, hata alipofikia umri wa miaka kumi na minne hivi ndipo aliporudiwa na uwezo wa kusikia.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Mwaka 1888 yeye na dada yake walikuwa pamoja London. Wote wawili walishika imani ya ujamaa, na mwaka 1889 waliunga mkono mgomo mkubwa wa makuli wa bandari.

Uchaguzi wa mwaka 1894

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndugu hawa walihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Sufu ya Bradford ilitajirisha wenye viwanda, bali watoto wa wafanyakazi waliishi katika vijumba vya msongamano chini ya moshi mzito. Tena ulikuwapo utaratibu wa nusu siku: mtoto aliyetimiza umri uliowekwa na sheria alifanya kazi kiwandani nusu ya siku, na nusu nyingine alikwenda shuleni. Mwalimu alipompokea, alipokea mtoto aliyekwisha choka. Mwaka 1893 umri huo ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 11 tu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imeanzisha Halmashauri za Shule zilizochaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Halmashauri hizo zilijenga shule, ziliajiri walimu, na zilipata sehemu ya fedha zake kutoka katika kodi ya mji. Mambo mawili yalizifanya kuwa mlango kwa wanyonge. Kwanza, wanawake waliruhusiwa kugombea, ingawa hawakuwa na haki hiyo katika Bunge. Pili, kila mpiga kura alikuwa na kura nyingi sawa na idadi ya viti, na aliweza kumpa mgombea mmoja kura zake zote. Hivyo hata kundi dogo, likishikamana, liliweza kupata mjumbe.

Mwaka 1893 chama cha wafanyakazi kiitwacho Independent Labour Party kilikuwa kimeundwa mjini humo humo. Margaret alisimama kwa niaba ya chama hicho, na mwaka 1894 alichaguliwa kuwa mjumbe.

Kazi yake katika Halmashauri

Kufikia wakati huo elimu ya msingi ilikuwa ya lazima, na tangu mwaka 1891 ada ilikuwa imeondolewa katika shule nyingi. Kwa macho ya sheria, basi, watoto walikuwa sawa. Lakini Margaret alipozitembelea shule aliona tofauti ambayo sheria haikuigusa. Watoto wengi walikuwa wachafu, wenye magonjwa ya ngozi, macho na meno, na wenye njaa. Kuwaketisha watoto hao mbele ya ubao na kuwadai majibu yale yale yaliyodaiwa kwa mtoto aliyeshiba, kwake haukuwa usawa.

Upinzani ulikuwa mkali. Walipa kodi walihofia gharama. Wengine walisema kumwogesha na kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi, na shule ikiufanya itamlegeza mzazi huyo. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani ni kweli mzazi ana wajibu. Margaret aliona, hata hivyo, kwamba nyumba isiyo na maji ya kutosha wala mshahara wa kutosha haiwezi kuutimiza wajibu huo kwa kuhimizwa tu.

Mwaka 1897 shule ya Wapping ilifunguliwa mabafu na bwawa la kuogelea, ambayo hutajwa kuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina hiyo katika shule za msingi za Uingereza. Pamoja na Dakta James Kerr, mganga wa Halmashauri, Margaret alipigania watoto wapimwe afya shuleni. Kuhusu chakula, sheria ya wakati huo haikuruhusu kodi itumike kuwalisha watoto, na kazi hiyo iliachiwa vyama vya hisani.

Kuvunjwa kwa Halmashauri

Sheria ya Elimu ya mwaka 1902 ilizivunja Halmashauri za Shule na kuzikabidhi shule kwa mabaraza ya miji na wilaya. Wanawake hawakuwa na haki ya kuchaguliwa katika mabaraza hayo hadi mwaka 1907. Kwa kalamu moja Margaret alipoteza kiti alichopewa na wananchi, akaondoka Bradford.

Mbegu, hata hivyo, ilikwisha pandwa. Fred Jowett, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Bradford mwaka 1906, alishiriki kuitetea sheria ya mwaka huo iliyoruhusu kodi itumike kuwalisha wanafunzi. Mwaka 1907 sheria nyingine iliagiza watoto wapimwe afya shuleni. Mwaka huo huo Dakta Ralph Crowley aliwapima uzito watoto 40 wa Bradford waliopewa chakula shuleni. Uzito wao uliongezeka, na likizo ilipokatiza chakula ukapungua.

Margaret na Rachel waliendelea Deptford, London, walikofungua kliniki mwaka 1910 na shule ya chekechea ya bustanini mwaka 1914. Rachel alifariki mwaka 1917. Mwaka 1930 kilifunguliwa chuo cha walimu chenye jina lake, na mwaka 1931 Margaret naye alifariki.

Fundisho kwa mwalimu

Tunajifunza mambo mawili. Kabla ya kumwita mtoto mzito wa akili, mwalimu achunguze kama amekula, kama anaona ubao, kama anasikia. Na akisha kugundua, asiishie kusikitika darasani. Alipeleke jambo hilo, pamoja na hesabu zake, katika kamati ya shule, kwani huko ndiko huruma hugeuzwa kuwa maji, uji na madawati.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, shule zisizotoza ada huwa za usawa kwa sababu hiyo tu? Toa mifano ya mahali ulipofanya mazoezi ya kufundisha.
2. Mzazi anasema shule isimlishe mwanawe. Utamjibu nini bila kumvunjia heshima?
3. Andaa orodha ya mambo matano ya afya ambayo mwalimu aweza kuyachunguza bila vifaa vya daktari.